Kuunda Gitaa la Besi Nyumbani kutoka Seti ya Vipande: Mwongozo Kamili

Mwaka 1951, huko Fullerton, California, Leo Fender alitoa besi ya umeme aliyoiita Precision, na jambo moja kubwa katika ubunifu wake ni kwamba shingo na mwili vilikuwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa skrubu nne, bila gundi. Kwa sababu ya uamuzi huo, mtu mwenye subira, meza imara na zana chache anaweza leo kuagiza seti ya vipande na kujiundia besi nzuri nyumbani. Mwongozo huu unahusu seti ya umbo hilo hilo: nyuzi nne, shingo ya kufunga kwa skrubu, pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) moja iliyogawanyika nusu mbili kama ilivyokuwa tangu mwaka 1957, na vidhibiti viwili tu, kimoja cha sauti na kingine cha toni. Nimechagua umbo hilo kwa sababu nyaya zake ni chache, na kwa sababu sauti yake inafaa karibu kila mahali besi inapohitajika, iwe ni muziki wa dansi, benga, au kwaya ya kanisani.

Kabla ya hatua yoyote, naomba msomaji ashike jambo moja, kwa kuwa ndilo linalotenganisha besi inayopigika na pambo la ukutani: gitaa zima liunganishwe kwanza likiwa kavu, bila rangi, na vipimo vyote vithibitishwe, ndipo vipande vitenganishwe tena na kupakwa rangi. Seti yangu ya kwanza niliipaka rangi kwanza kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuiona ikimeremeta. Nilipofunga daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, nikagundua kwamba matundu yake yalikuwa yametobolewa kando kwa karibu milimita tatu, na uzi wa nne ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa shingo. Ilinibidi kuziba matundu yale na kutoboa upya juu ya vanishi iliyokwisha kukauka, nayo ikabanduka kama ganda la yai. Kasoro ile ingeonekana kwa dakika kumi kama ningetanguliza kupima kwa uzi wa cherehani badala ya brashi.

Kukagua seti inapofika

Fungua kifurushi juu ya kitambaa safi na utandaze kila kitu: mwili, shingo yenye freti (vijichuma vinavyoikatiza), funguo nne za kukazia nyuzi, daraja lenye vitegemeo vinne (vipande ambavyo nyuzi hulala juu yake), pikapu, bamba la plastiki, vidhibiti, tundu la jeki (pa kuchomeka waya wa amplifaya), kibati cha shingo na skrubu. Hesabu skrubu na uzigawe katika vikombe kwa urefu wake, kwa maana skrubu ya shingo na skrubu ya daraja hazibadilishani nafasi.

Chukua shingo na uitazame kwa kuielekeza machoni kama fundi seremala anavyotazama ubao, ukianzia kwenye kichwa kuelekea mwisho wa freti. Mpindo mdogo wa mbele au nyuma si tatizo, kwa kuwa ndani ya shingo kuna chuma cha kunyooshea. Lakini ikiwa shingo imejipinda kama kamba, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, irudishe kwa muuzaji mapema, kwani hakuna skrubu itakayoiponya.

Kisha pima. Umbali kutoka kizingiti, yaani kile kipande cheupe chenye mifereji minne kinachopitisha nyuzi kichwani, hadi katikati ya freti ya kumi na mbili uwe milimita 432. Umbali huo ukiuzidisha mara mbili unapata milimita 864, ambazo ni inchi 34, nao ndio urefu wa uzi wa kawaida wa besi. Namba hizi mbili ziandike ukutani mbele ya meza yako, kwa sababu utazirejea mara nyingi.

Zana zinazohitajika si nyingi: bisibisi za msalaba za saizi mbili, drili ndogo na biti za milimita 2 na 3, rula ya chuma ya mita moja, alenki (funguo za chuma za pembe sita) zinazoendana na seti, msasa wa namba 150, 220, 400 na ule laini wa kulowesha maji, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, pasi ya kulehemu ya wati 40 hivi, na multimita ya bei nafuu. Ongeza kipande cha sabuni ya mche, ambacho kazi yake nitaieleza.

Kuunganisha kikavu

Ingiza kitako cha shingo katika mfuko wake mwilini. Inapaswa kuingia kwa kusukumwa kwa mkono, ikibana kidogo pande zote. Ikikataa, usipige nyundo. Tafuta mahali ambapo vanishi ya kiwandani imejikusanya kwenye pembe za mfuko na uikwangue. Ikiwa inachezacheza, kipande chembamba cha ubao ubavuni kitasaidia, ingawa mara nyingi skrubu zenyewe zinatosha kuituliza.

Sasa yaangalie matundu manne ya mwilini. Ni lazima skrubu ipite ndani ya mwili kwa ulaini, bila kung'ata mbao, na ing'ate shingo peke yake. Sababu yake ni hii: skrubu inayong'ata pande zote mbili huzishikilia mbao hizo mahali zilipo, hata kama kuna mwanya kati yake, na kila ukikaza mwanya unabaki pale pale. Skrubu iliyo huru mwilini huivuta shingo hadi mbao zikutane. Kwa hiyo panua matundu ya mwili kidogo ikihitajika, na kwenye shingo toboa matundu ya kutangulia kwa biti ya milimita 3. Pima kwanza urefu wa skrubu ukitoa unene wa mwili na kibati, kisha funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha mwisho, ili usije ukatoboa hadi upande wa freti.

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Kabla ya kuizungusha skrubu kwenye mbao ngumu, isugue kwenye sabuni hadi meno yake yajae. Shingo nyingi za seti hutengenezwa kwa mti wa mepo, ambao ni mgumu sana, na skrubu kavu ndani ya tundu finyu hukatika kichwa bila onyo. Mkono husikia kwanza ugumu unaoongezeka, halafu ulegevu wa ghafla, na baada ya hapo unabaki na chuma kilichozama ndani ya shingo. Zungusha nusu duara, rudisha nyuma robo, endelea.

Shingo ikishakaa, weka daraja mahali pake bila kulifunga. Kisogeze kitegemeo cha uzi mwembamba, yaani G, karibu na mbele ya safari yake, ukiacha nafasi kubwa ya kurudi nyuma, kisha sogeza daraja zima mpaka kitegemeo hicho kiwe milimita 864 kutoka kizingiti. Nyuzi nene huhitaji urefu wa ziada wa milimita chache ili noti zake zikae sawa, na ndiyo maana nafasi ya kurudi nyuma ni muhimu kuliko nafasi ya kwenda mbele.

Sasa chukua uzi wa cherehani wa rangi nyeusi. Upitishe kwenye mfereji wa kwanza wa kizingiti hadi kitegemeo cha kwanza, na mwingine kwenye mfereji wa nne hadi kitegemeo cha nne, kisha uikaze yote miwili kwa utepe. Inama uangalie kutoka juu: umbali kati ya uzi na ukingo wa shingo, pale kwenye freti ya mwisho, unapaswa kulingana kushoto na kulia. Usipolingana, legeza skrubu za shingo kidogo na uisukume shingo pembeni, kwa maana mara nyingi mchezo mdogo ndani ya mfuko unatosha kurekebisha. Isipotosha, sogeza daraja. Ikiwa matundu ya daraja yaliyokuja na seti hayakubaliani na uzi wako, uamini uzi. Ziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya seremala, ngoja usiku kucha, kata vijiti viwe sawa na uso wa mbao, kisha toboa mapya.

Hakikisha pia kwamba vichwa vya sumaku vya pikapu vinakaa chini ya njia za nyuzi, na kwamba bamba la plastiki halisukumwi na shingo. Tafuta mahali waya wa ethi, yaani wa kutuliza mvumo, utakapopita kutoka chumba cha vidhibiti hadi chini ya daraja. Kama hakuna tundu, litoboe sasa kwa biti ndefu, wakati bado mwili hauna rangi ya kukwaruzwa. Baada ya hapo tenganisha tena kila kitu.

Mbao na rangi

Dondosha tone la maji juu ya mwili. Likizama na kuacha alama nyeusi, mbao iko wazi na inaweza kunywa rangi ya maji au mafuta. Likisimama kama shanga, kiwanda kimeshapaka sila (dawa ya kuziba mbao), na rangi ya kunywesha haitaingia. Hapo uchague kati ya kukwangua sila yote kwa msasa, kazi ya siku nzima, au kutumia rangi ya kupuliza inayokaa juu.

Piga msasa kufuata mishipa ya mbao, namba 150 kisha 220. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, ngoja vinyweleo vya mbao visimame na kukauka, kisha pitisha tena 220 kwa mkono mwepesi. Kagua madoa ya gundi karibu na maungio ya vipande, kwa kuwa doa la gundi halionekani likiwa kavu lakini hutokea jeupe mara tu rangi inapopita. Vaa barakoa wakati wote wa vumbi na wakati wa kupuliza, na fanya kazi penye hewa.

Kabla ya kupaka, ziba mfuko wa shingo kwa utepe wa karatasi. Rangi na vanishi zikijikusanya humo zinabadilisha kimo na mwelekeo wa shingo, na vipimo ulivyohangaikia vinapotea. Paka matabaka mengi membamba kuliko mawili mazito. Kwa wanaoishi pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu wa hewa ni adui wa kweli wa laka ya kupuliza: ukipuliza siku ya mvua, maji hunaswa ndani ya tabaka na laka hugeuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Subiri siku kavu, anza asubuhi jua likishapanda, na umalize mapema alasiri.

Asiyependa kupuliza anaweza kutumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, akipaka kwa kitambaa na kufuta yanayobaki juu baada ya dakika kama ishirini, kwa siku kadhaa mfululizo. Ni njia nzuri na mbao huonekana ilivyo. Lakini vitambaa vilivyotumika visikunjwe wala kutupwa kwenye ndoo vikiwa rundo, maana mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vilowekwe majini au vitandazwe nje kimoja kimoja.

Laka ikishapakwa, mwili upumzike wiki mbili au zaidi, kisha sugua kwa msasa laini wa maji na dawa ya kung'arishia. Harufu ikisikika bado ukinusa kwa karibu, bado haijakauka.

Freti

Mwili unapokauka, shughulikia shingo. Funika ubao wa freti kwa utepe, ukiacha chuma peke yake wazi. Chukua kitu kifupi chenye ukingo ulionyooka, hata kadi ya benki, na ukisimamishe juu ya freti tatu kwa wakati mmoja. Kikitikisika kama bembea, freti ya katikati imepanda. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki, na isiposhuka, isugue kwa tupa laini kisha uirudishie uduara wake, kwani freti iliyoachwa bapa hutoa sauti ya mkwaruzo. Pitisha pia kiganja kwenye kingo za shingo. Ncha za freti zinazochoma zipigwe tupa kwa pembe, polepole, mpaka kiganja kiteleze bila kusita. Kazi hii haionekani kwenye picha ya gitaa, lakini mpiga besi ataihisi katika kila noti.

Umeme

Funga tena shingo, daraja, funguo na bamba, kisha geukia nyaya. Pima pikapu kwanza kwa multimita: nusu zake mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo, usomaji huwa kiloomu kadhaa, mara nyingi kati ya 7 na 13. Ukipata karibu nusu ya hapo, huenda ni nusu moja tu inayosoma. Nusu hizo zina sumaku na mizunguko ya waya inayopingana, na hivyo mvumo wa umeme wa nyumba unaoingia katika nusu moja hufutwa na ule wa nusu nyingine.

Geuza vidhibiti ili migongo yao ikutazame na miguu mitatu ikuelekee. Kwenye kidhibiti cha sauti, mguu wa kushoto hupokea waya wa moto wa pikapu, wa katikati huenda kwenye ncha ya tundu la jeki, na wa kulia hukunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa kidhibiti, ambao ndio ethi. Kutoka mguu ule ule wa kushoto, waya mwingine huenda kwenye mguu wa kulia wa kidhibiti cha toni, na kapasita ya 0.047 mikrofaradi huunganisha mguu wa katikati wa toni na mgongo wake. Vidhibiti vyote viwili kwa kawaida ni vya kiloomu 250. Waya mweusi wa pikapu, mguu wa nje wa tundu la jeki (usio wa ncha), waya wa chini ya daraja na migongo ya vidhibiti vyote viwili vikutane katika ethi moja. Toni ikifanya kazi kinyume, hamisha waya wake kwenye mguu wa upande wa pili.

Kabla ya kulehemu kwenye mgongo wa kidhibiti, ukwaruze kwa msasa hadi chuma king'ae. Gusa kiungo kwa pasi mpaka kipate joto, kisha lete lehemu kwenye kiungo chenyewe, si kwenye ncha ya pasi. Lehemu iliyoshika hutandaa na kung'aa, na ile isiyoshika hujikusanya kama tone la nta, nayo itaachia siku ya onyesho. Osha mikono ukimaliza, hasa ikiwa lehemu yako ina risasi.

Jaribu kabla ya kuweka nyuzi: chomeka kwenye amplifaya kwa sauti ndogo na ugonge vichwa vya pikapu kwa bisibisi. Nusu zote mbili zisikike. Mvumo ukitulia unapogusa daraja, waya wa ethi unafanya kazi yake. Ukihisi umeme ukikuchoma mkononi, hata kidogo, chomoa mara moja na umwite fundi umeme akague ethi ya nyumba na ya amplifaya. Hilo si suala la kuvumilia.

Nyuzi na marekebisho

Seti ya nyuzi ya kati, kuanzia inchi 0.045 hadi 0.105, inafaa kwa kuanzia. Kata kila uzi ukiwa umeuacha kama sentimita 11 kupita ufunguo wake, ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya mhimili, ikunje, kisha zungusha ili mizunguko miwili au mitatu ishuke kuelekea chini. Tyuni kwa programu ya simu: E ni herzi 41.2, A ni 55, D ni 73.4, na G ni 98. Nyuzi nne pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, kwa hiyo iache besi usiku mmoja kabla ya kupima chochote.

Mpangilio wa marekebisho haubadilishwi, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Anza na shingo: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, ubonyeze pia kwenye freti ya mwisho, na utazame mwanya juu ya freti ya nane. Takribani milimita 0.35, unene wa karatasi tatu au nne za kuandikia, unatosha. Mwanya ukizidi, kaza chuma cha shingo kwa kuelekea upande wa mishale ya saa, na usipite robo mzunguko kwa mara moja. Ukikosekana, legeza.

Halafu kizingiti. Bonyeza kila uzi kati ya freti ya pili na ya tatu na uangalie juu ya freti ya kwanza: pawe na nafasi ya unywele tu. Mfereji ulio juu mno hufanya noti za mwanzo zichoshe vidole na zipande kidogo. Ongeza kina kwa tupa nyembamba, mapigo mawili kisha kupima, kwani mfereji uliozidi kina hauna dawa ila kizingiti kipya.

Kimo cha nyuzi hupimwa kwenye freti ya kumi na saba: milimita 2.4 kwa uzi wa E na 2.0 kwa uzi wa G ni mwanzo mzuri, nacho hurekebishwa kwa skrubu ndogo za vitegemeo. Anayepiga kwa nguvu, kama wapigaji wengi wa benga, atapenda kupandisha kidogo. Pikapu ishushwe hadi milimita 3 hivi chini ya uzi wa E ukiwa umebonyezwa freti ya mwisho, kwa sababu sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi na kuichafua noti.

Mwisho ni urefu wa kila uzi. Piga hamoniki (gusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza) juu ya freti ya kumi na mbili, kisha bonyeza noti ya freti hiyo hiyo. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitegemeo nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Tyuni upya kila baada ya kusogeza, kisha pima tena.

Baada ya wiki tatu au nne nyuzi zitakuwa zimetulia na mbao zitakuwa zimeizoea hali ya chumba chako. Rudia mpangilio wote tangu mwanya wa freti ya nane, na uurudie tena masika yanapoingia, maana shingo huvimba kwa unyevu na kusinyaa wakati wa kiangazi. Alenki ya chuma cha shingo iweke ndani ya mfuko wa gitaa, pamoja na karatasi ulipoandika vipimo vya siku ya kwanza.